Kalemie: Umeme wa Bendera ukikatika, watu hurudi ziwani na kipindupindu hurudi mjini

Mji wa Kalemie, makao makuu ya jimbo la Tanganyika mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, umejengwa ukingoni mwa ziwa lenye karibu asilimia 17 ya maji yote baridi yasiyoganda juu ya uso wa dunia. Hata hivyo, ni mmoja wa miji ambako kipindupindu kimekaa kama mwenyeji tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Maji yamejaa mbele ya macho ya kila mtu, lakini maji salama ni ya kutafuta. Sehemu moja ya sababu iko zaidi ya kilomita 100 kaskazini, mahali paitwapo Bendera.

Bendera ni jina ambalo watu wa Kalemie hulitaja mara nyingi bila kuwahi kufika huko. Ndipo lilipo bwawa la umeme la Mto Kiymbi, lililojengwa na Wabelgiji katika miaka ya 1950, lenye uwezo wa megawati 17 hivi. Wanaopenda historia wanapakumbuka kwa sababu nyingine: mwishoni mwa Juni 1965 wapiganaji waliokuwa pamoja na Che Guevara walijaribu kuiteka ngome ya Bendera wakashindwa. Kwa mama wa Kalemie anayeamka alfajiri na bidoni za lita 20, Bendera ina maana iliyo karibu zaidi. Umeme ukifika kutoka huko, pampu za Regideso zinazunguka na robine inatoa maji. Umeme ukikatika, robine inakauka, na njia fupi iliyobaki ni ile inayoshuka ziwani.

Kutoka kwenye mtambo hadi kwenye robine

Kampuni ya taifa ya umeme, SNEL, ndiyo inayoendesha mtambo wa Bendera. Kampuni ya maji, Regideso, ni mteja wake kama wateja wengine. Mashine za Bendera zimetumika kwa zaidi ya miaka 60, na laini inayoleta umeme Kalemie inapita milimani na msituni, katika eneo ambalo kwa miaka mingi limekuwa na vikundi vyenye silaha. Nguzo moja ikianguka, mafundi hawafiki kwa saa moja.

Mji nao umekuwa mara nyingi zaidi ya ule uliofikiriwa wakati mabomba yalipotandikwa. Kalemie iliitwa Albertville wakati wa ukoloni, bandari na kituo cha reli. Tangu 2015, Katanga ilipogawanywa, imekuwa makao makuu ya jimbo, na nyumba zimepanda vilimani na kushuka hadi mchangani. Mitaa mingi mipya haikufikiwa na bomba lolote. Huko watu hutegemea visima vifupi, mito ya Lubuye na Lukuga, na ziwa.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwa macho. Bomba linalopata maji saa chache tu na kukauka saa nyingine si salama kama bomba lililojaa muda wote. Maji yakiwa na nguvu ndani ya bomba, yanasukuma nje. Nguvu hiyo ikiisha, bomba lenye nyufa hunyonya kilicho nje yake: maji ya mtaro, maji ya choo kilichochimbwa jirani, matope ya barabara. Umeme ukirudi, ndoo ya kwanza kutoka kwenye robine inaweza kuwa chafu kuliko maji ya katikati ya ziwa. Ndiyo maana wataalamu wa maji hushauri maji ya mwanzo baada ya ukavu yasinywewe, yatumike kuoshea sakafu.

Ziwa linapokea kila kitu

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na kina kinachofika mita 1,470. Ukisimama juu ya boti mbali na nchi kavu, maji yake ni safi hadi unaona chini mita nyingi. Shida iko ukingoni, kwenye mita chache za mwanzo, ambako maisha yote ya mji yanakutana. Hapo ndipo nguo zinafuliwa, vyombo vinasuguliwa, watoto wanaogeshwa na mitumbwi inafungwa. Hapo hapo maji ya mvua yanashusha uchafu wa vilima, na hapo hapo bidoni zinajazwa.

Vyoo vingi vya ukingoni ni mashimo mafupi, kwa sababu ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Mvua kubwa ikinyesha, mashimo hayo yanajaa na kumwagika. Wavuvi wa usiku, wanaovua ndagala kwa mwanga wa taa, hukaa juu ya maji kutoka magharibi hadi asubuhi. Wanajisaidia humo, na kiu ikiwashika wanachota humo humo.

Ziwa lenyewe halijisafishi haraka. Mto pekee unaotoa maji ndani ya Ziwa Tanganyika ni Lukuga, ambao unaanzia Kalemie na kuelekea Lualaba. Sehemu kubwa zaidi ya maji hupotea kwa njia ya mvuke wa jua, na mvuke hauondoki na uchafu. Kinachoingia ukingoni hubaki ukingoni kwa muda.

Wapimaji wa maji hutafuta kwanza bakteria aitwaye E. koli, anayeishi ndani ya utumbo wa watu na wanyama. Wengi wa jamii yake hawana madhara, lakini akionekana ni ushahidi kwamba kinyesi kimefika. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa hayapaswi kuwa na hata mmoja katika mililita 100, yaani chini ya nusu ya glasi. Maji ya kuchota ukingoni mwa mji wowote usio na mfumo wa majitaka hayawezi kufikia kipimo hicho.

Bakteria anayepanda juu ya vijidudu vya maji

Kipindupindu, ambacho wakazi wengi wa Kalemie hukiita kolera, huletwa na bakteria aitwaye Vibrio cholerae. Mtaliano Filippo Pacini alimwona kwa darubini mwaka 1854. Mjerumani Robert Koch akathibitisha kazi yake miaka 30 baadaye, akichunguza wagonjwa wa Misri na India. Leo zinajulikana aina zaidi ya 200 za bakteria huyu, lakini ni mbili tu, O1 na O139, zinazoleta milipuko. Nyingine zipo katika maji mengi ya dunia bila kusababisha janga.

Anapoingia tumboni na kufika kwenye utumbo mwembamba, anatoa sumu inayoufanya utumbo umwage maji ya mwili. Dalili huanza kati ya saa chache na siku tano. Mgonjwa aliyezidiwa anaharisha maji yanayofanana na maji ya kuoshea mchele, na anaweza kupoteza lita nyingi kwa siku moja. Asipotibiwa anaweza kufa siku ile ile. Akipewa maji yenye chumvi na sukari mapema, kwa mdomo au kwa mshipa, uwezekano wa kufa unashuka chini ya asilimia moja. Hakuna magonjwa mengi ambayo tofauti kati ya kupona na kufa ni bei ya lita chache za maji safi.

Mwanasayansi wa Marekani Rita Colwell alionyesha kwamba bakteria huyu hapendi kuelea peke yake. Hujishika kwenye maganda ya vijidudu vidogo sana vya majini, vile ambavyo samaki wadogo huvila. Kutokana na ugunduzi huo, watafiti walijaribu jambo rahisi katika vijiji vya Bangladesh: wanawake walichuja maji ya kunywa kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba kipindupindu kilipungua kwa karibu nusu. Kitambaa kilichochakaa kilifanya vizuri kuliko kipya, kwa sababu nyuzi zake zimelegea na kuziba matundu.

Je, ziwa lenyewe ndilo maskani ya ugonjwa, au watu ndio wanaouingiza kila mara? Wataalamu hawajakubaliana. Daktari Didier Bompangue wa Chuo Kikuu cha Kinshasa na wenzake, akiwemo Mfaransa Renaud Piarroux, walichapisha mwaka 2008 utafiti ulioonyesha kwamba maeneo ya ukingo wa maziwa ya mashariki mwa Kongo ndiyo yanayotunza kipindupindu kati ya mlipuko mmoja na mwingine, na kwamba ugonjwa hupanda wakati wa mvua na kushuka kiangazi. Piarroux ndiye baadaye aliyechunguza mlipuko wa Haiti wa 2010 na kuonyesha kwamba ulianzia kwenye kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa iliyomwaga majitaka mtoni.

Upande wa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulimkuta Vibrio cholerae O1 mwenye sumu ndani ya maji, mimea midogo ya majini na samaki wa Ziwa Victoria, wakati ambapo hakukuwa na mlipuko wowote. Kwa mkazi wa Kalemie, ubishi huu wa maabara unaishia mahali pamoja. Iwe bakteria anaishi ziwani au anamwagwa humo kila siku, njia yake ya kufika mdomoni ni ile ile bidoni.

Vipi kuhusu ndagala na mikebuka?

Swali hili huulizwa sokoni kila mlipuko unapoanza, na bei ya samaki hutetereka. Jibu linahitaji uangalifu, kwa sababu uvuvi ndio mkate wa maelfu ya familia za Kalemie, Moba na vijiji vya ukingoni.

Viumbe vya majini vinavyotisha zaidi ni vile vya kombe, yaani chaza, kome na jamaa zao. Hivi hula kwa kuchuja maji: chaza mmoja hupitisha lita nyingi ndani ya mwili wake kwa siku, na bakteria walio ndani ya maji hayo hubaki kwake na kujikusanya. Akivunwa kwenye mkono wa bahari unaopokea majitaka, kama ule wa Tudor huko Mombasa, anaweza kubeba bakteria wengi kuliko maji aliyotolewa. Wanaomla mbichi ndio wanaoumia. Mji wa Napoli nchini Italia ulipata kipindupindu mwaka 1973, kome wakatiliwa shaka kubwa, na mashamba ya kome ya ghuba yake yakaharibiwa.

Ziwa Tanganyika lina konokono na kombe wake, wengi wao wasiopatikana popote pengine duniani, lakini si chakula cha kila siku cha watu wa Kalemie. Kinachopikwa pamoja na bukari ni ndagala, mikebuka na kuhe. Samaki hawa hawachuji maji kama chaza. Bakteria anaweza kuwa kwenye matamvua, kwenye ngozi na kwenye utumbo, na moto wa jikoni unamuua. Ukavu pia unamuua: ndagala waliokaushwa barabara juani si mahali anapopenda.

Hatari inaingia katika hatua za katikati. Ndagala wanaoanikwa moja kwa moja kwenye mchanga, mahali ambapo watu na mifugo wanapita, huokota uchafu wa mchanga huo. Samaki waliosafishwa kwa maji ya ukingoni na kuwekwa kwenye beseni moja na kachumbari hupitisha bakteria kwenye mboga zisizopikwa. Kisu kilichopasua utumbo kikikata nyanya bila kuoshwa kwa maji salama, safari imekamilika. Chanja za miti zilizoinuliwa juu ya ardhi, ambazo wavuvi wa nchi zote nne za ziwa hili wanazijua, huondoa sehemu kubwa ya tatizo na kuwapa samaki bei nzuri zaidi.

Historia inaonya pia kuhusu hofu isiyopimwa. Mwishoni mwa 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na Msumbiji kwa sababu ya kipindupindu. Viwanda vya ukingo wa Ziwa Victoria vilisimama, na wavuvi wakauza kwa bei ya kutupa. Mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya yalisema marufuku ya namna hiyo haikuwa njia mwafaka. Kwa Kalemie somo liko wazi: kumkataza mama kuuza samaki hakumsaidii mtu kama bado anachota maji pale pale.

Uvira: hesabu iliyofungua macho

Uhusiano kati ya robine kavu na kitanda cha hospitali ulipimwa vizuri zaidi katika mji dada wa Kalemie, Uvira, kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa hilo hilo. Aurélie Jeandron wa chuo cha afya ya umma na magonjwa ya kitropiki cha London, pamoja na wenzake wa Kongo, walichukua takwimu za Regideso za kila siku za maji yaliyosukumwa mjini na kuzilinganisha na idadi ya waliolazwa kwenye kituo cha kutibu kipindupindu kati ya 2009 na 2014.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Siku ambayo robine haikutoa maji kabisa ilifuatiwa na ongezeko la asilimia 155 la wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu katika siku 12 zilizofuata, ukilinganisha na siku ambayo maji yalitoka vizuri. Kwa kipindi chote, karibu robo ya wagonjwa waliolazwa walihusishwa na maji ya bomba yasiyotosha. Ongezeko lilikuwa kubwa zaidi katika mitaa iliyozoea kutumia bomba, ambayo ghafla ililazimika kwenda ziwani.

Uvira na Kalemie hazitumii mtambo mmoja wa umeme, lakini mnyororo ni ule ule: umeme, pampu, robine, ziwa, kituo cha matibabu. Kwa hesabu hiyo, fundi anayerudisha laini ya Bendera mapema anafanya kazi ya afya ya umma, hata kama hajawahi kuvaa koti jeupe.

Vita, mafuriko na watu wapya

Kipindupindu kiliingia mashariki mwa Kongo mwaka 1978 kupitia ukingo wa maziwa, na hakijaondoka. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda waliofika Goma waliishi kwenye mawe ya volkano bila vyoo na wakanywa maji ya Ziwa Kivu. Kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya watu katika wiki chache.

Kalemie imekuwa na mawimbi yake. Kuanzia 2016, mapigano kati ya Batwa na Baluba yaliwafukuza mamia ya maelfu ya watu kutoka vijijini. Wengi walikuja kuishi kwenye kambi zilizozunguka mji, kama Katanika, katika vibanda vya majani na mahema. Mwaka 2017 nchi nzima ilipata wagonjwa zaidi ya 50,000 na vifo zaidi ya 1,000. Mwaka 2025, vita vya Kivu vilileta wengine kutoka kaskazini, wengi wao kwa boti. Desemba mwaka huo UNICEF ilisema Kongo ilikuwa katika mlipuko mbaya zaidi kwa miaka 25, wenye wagonjwa zaidi ya 64,000 na vifo zaidi ya 1,800.

Ziwa lenyewe halikukaa kimya. Mwaka 2021, na tena 2024, maji yalipanda na kumeza nyumba, barabara, vyoo na visima kutoka Bujumbura hadi Uvira, Kalemie na Moba. Mtaa uliofurika unafanana na bomba lenye nyufa: kilichokuwa chooni kinakuja sebuleni. Maji yakishuka, kisima kinabaki na uchafu ambao hauonekani wala haunuki.

Mtu aliyekimbia vita hachagui maji. Anachota yaliyo karibu, kwa chombo alichookoa, na anapika kwa kuni kidogo alizopata. Ndiyo maana kambi na mitaa ya wenyeji wanaowapokea ndugu zao hupata ugonjwa pamoja. Kuwanyooshea kidole wageni kunaficha jambo moja: robine iliyokauka ilikuwa kavu kabla wao hawajafika.

Chanjo inasaidia, haitoshi

Kalemie ni miongoni mwa miji ya kwanza ya Kongo kupata chanjo ya kipindupindu ya kunywa. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liliendesha kampeni Novemba 2013 na Julai 2014, likilenga mitaa iliyokuwa na wagonjwa wengi kila mwaka. Taarifa ya kisayansi iliyotolewa 2018 ilisema kampeni ya namna hiyo, inayochagua mitaa ndani ya mji badala ya kuchanja kila mtu, inawezekana.

Lakini chanjo ina mipaka yake. Kinga ya dozi mbili hudumu miaka michache na ni dhaifu kwa watoto wadogo. Akiba ya dunia nayo ni ndogo kuliko mahitaji, kiasi kwamba tangu Oktoba 2022 nchi zenye mlipuko zimekuwa zikipewa dozi moja kwa mtu badala ya mbili. Chanjo inanunua muda. Swali ni mji unautumia vipi muda huo.

Tangu 2008 serikali ya Kongo imeandika mpango baada ya mpango wa kutokomeza kipindupindu, wa sasa ukiwa wa 2023 hadi 2027. Kila mpango unakubali kwamba dawa ya kudumu ni maji safi na vyoo katika miji michache ya ukingoni inayotunza ugonjwa. Dunia nayo ilijiwekea lengo mwaka 2017 la kupunguza vifo vya kipindupindu kwa asilimia 90 kufikia 2030. Miaka iliyobaki ni michache.

Nini cha kufanya nyumbani

Wakati mabomba yakisubiriwa, familia ina silaha zake. Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote kweli kweli, kisha yapoe ndani ya chombo kilichofunikwa. Makala yana bei, kwa hiyo wengi hawachemshi kila siku. Klorini ni nafuu zaidi. Kwenye vituo vya kutilia dawa, wahudumu wa kujitolea huweka kipimo cha klorini ndani ya bidoni ya lita 20, na maji yanapaswa kusubiri nusu saa kabla ya kunywewa. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa kuukuu cha pamba kilichokunjwa, kwa sababu tope hula klorini na kuwakinga bakteria.

Bidoni yenye mdomo mwembamba ni salama kuliko ndoo iliyo wazi ambamo kila mkono unatumbukiza kikombe. Mikono ioshwe kwa sabuni, au jivu kama sabuni hakuna, baada ya choo na kabla ya kugusa chakula. Samaki wapikwe hadi waive hadi kwenye mfupa. Chakula kilicholala kipashwe moto tena. Ndimu husaidia kwa sababu bakteria huyu anachukia uchachu, lakini haichukui nafasi ya moto.

Mtu akianza kuharisha maji, asingoje asubuhi. Apewe mara moja maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Anywe kidogo kidogo hata kama anatapika, huku akipelekwa kwenye kituo cha afya. Mama anayenyonyesha asiache kunyonyesha. Nguo na matandiko ya mgonjwa yasifuliwe ziwani wala mtoni. Kosa hilo moja linaweza kurudisha bakteria pale pale ambapo jirani atachota kesho.

Kinachosubiriwa

Mambo yanayoweza kuubadilisha mwendo huu yanajulikana, na mengine hayahitaji fedha za kujenga bwawa jipya. Pampu za maji zinaweza kupewa laini yao ya umeme isiyokatwa wakati mji unagawiwa umeme kwa zamu, pamoja na jenereta au paneli za jua za akiba. Klorini inaweza kuhifadhiwa mjini kabla ya msimu wa mvua badala ya kuagizwa wakati wagonjwa wameshajaa. SNEL na Regideso zinaweza kuziarifu idara za afya kila mara umeme wa Bendera unapokatika, ili wahudumu wa klorini wawe ukingoni siku hiyo hiyo na wasisubiri hesabu ya wagonjwa wiki mbili baadaye.

Hesabu ya Uvira inasema ni siku 12. Huo ndio muda ambao Kalemie inao, kila robine inapokauka, kabla ya vitanda kujaa.